Skeli mbili zinakutosha kabisa kwa solo, tatizo lako ni pale unapotua

"Mwalimu shikamoo. Mimi napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisani kwetu hapa Mwanza, na wikiendi nyingine bendi moja ya dansi huwa inaniita nikapige. Skeli ninazozijua vizuri ni mbili tu, C meja na A maina pentatoniki ile ya freti ya tano. Kila nikipewa nafasi ya solo napanda na kushuka humo humo, sikosei noti lakini wenzangu wanasema nasikika kama nafanya mazoezi. Rafiki yangu kaniambia hizo skeli ni za wanaoanza, nijifunze modi zote saba ndo nitatoka. Pia kuna wimbo mmoja wa Am, Dm na E, kodi ya E ikifika tu kila ninachopiga kinaharibika, sijui kwa nini. Alafu kiongozi wa bendi anasema solo haiandikwi, inatoka moyoni, mimi yangu haitoki. Nifanyeje? Halafu vidole vya mkono wa kushoto siku hizi vinakufa ganzi nikipiga muda mrefu, sijui kama ni kawaida."

Marahaba ndugu yangu, na asante kwa kuuliza kwa kina hivi, manake swali likija na freti (vile vyuma vya shingoni mwa gitaa) na kodi zake (noti kadhaa zinazolia pamoja) ndani naweza kulijibu kwa freti na kodi.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Ulichoeleza hapo, kwamba hukosei noti ila solo haisemi kitu, ni hatua ambayo karibu kila mpiga solo anaipitia akishajua skeli na kabla hajaanza kusikiliza kodi. Wanafunzi wangu wengi wamenijia na lalamiko hilo hilo kwa maneno hayo hayo, "nasikika kama nafanya mazoezi". Na wengi wao walikuwa tayari wameshaambiwa wakatafute skeli mpya. Wakazitafuta, wakarudi na skeli tano badala ya mbili, na sasa wanafanya mazoezi kwenye skeli tano. Kwa hiyo rafiki yako anakutakia mema lakini dawa aliyokupa ni ya ugonjwa mwingine.

Hebu tuanze na skeli zako zenyewe, yaani zile safu za noti unazopanda na kushuka. C meja ni do re mi fa so la ti, wewe ni mtu wa kwaya hizi unaziimba hata usingizini. Kwa herufi ni C D E F G A B. A maina pentatoniki ni A C D E G. Sasa angalia vizuri, hizo noti tano zote zimo ndani ya C meja, kilichotolewa ni F na B tu, yaani fa na ti. Kwa hiyo unaposema unajua skeli mbili, kwenye wimbo wa kii ya C, yaani wimbo ambao nyumbani kwake ni C, kwa kweli una skeli moja yenye noti saba na toleo lake lililopunguzwa lenye noti tano. Na wala sikwambii hivyo kukuvunja moyo, nakwambia kwa sababu hapo ndo siri ilipo.

Kwa nini fa na ti zilitolewa? Kwa sababu ndo noti mbili zenye ugomvi. Kodi ya C ina C, E na G. Mpiga kinanda akishika kodi hiyo na wewe ukakaa kwenye F, hiyo F iko freti moja tu juu ya E yake, na sauti mbili zilizokaribiana hivyo zinasuguana, unasikia kitu kama kutetemeka, sikio linataka moja ihame. Hali kadhalika B kwenye kodi ya F, inagongana na F yenyewe na pia iko freti moja chini ya C ya kodi hiyo. Pentatoniki imeziondoa zote mbili, ndo maana ukiipiga kwenye wimbo wa C, F na G hata ukifumba macho hukosei sana. Ila ukiondoa noti zenye ugomvi umeondoa pia noti zinazoonyesha kwamba kodi imebadilika. Hapo ndo unapata solo salama isiyokwenda popote, bendi inahama kutoka C kwenda F kwenda G na wewe uko pale pale, msikilizaji hajui kwa nini anachoka lakini anachoka.

Jambo la pili kwenye hiyo pentatoniki yako. Boksi la freti ya tano, yaani lile umbo la vidole unalopigia pentatoniki, mikono yako inaliona ni la A, kwa hiyo vidole vinarudi A bila wewe kuviambia, uzi wa sita (ule mnene kuliko wote) freti 5, uzi wa nne freti 7, uzi wa kwanza (ule mwembamba) freti 5. Kwenye wimbo wa Am, yaani A maina, ni sawa kabisa, ni nyumbani. Lakini kwenye wimbo wa C hiyo A ni la, na ukimalizia sentensi kwenye la wakati bendi imekaa kwenye C haikosei, ila inaning'inia, kama mtu aliyekata maneno katikati. Fanya jaribio dogo leo hii: mwambie mtu ashike C tu, wewe piga chochote kwenye boksi lako lakini malizia kwenye C, uzi wa tatu freti 5 au uzi wa kwanza freti 8. Alafu rudia malizia E, uzi wa pili freti 5. Alafu G, uzi wa pili freti 8. Utasikia tofauti saa hiyo hiyo, na hujajifunza skeli yoyote mpya.

Hilo ndo jibu langu kwa ufupi, mengine yote ni kulifafanua: skeli inakuambia noti zipi zinaruhusiwa kupita, kodi inakuambia utue wapi. Fikiria daladala, barabara ni skeli na vituo ni noti za kodi. Dereva anaweza kukimbia anavyotaka lakini akipita vituo vyote bila kushusha mtu, abiria wataanza kugonga bodi. Wewe sa hivi unapita vituo.

Sasa tuingie kazini, chukua gitaa kabla hujaendelea kusoma. Tuchukue mzunguko wa C, F, G, C, kila kodi hesabu nne, mtu akushikie rizimu au jirekodi kwenye simu ukipiga kodi hizo dakika mbili tatu. Noti zako za kupita ziwe do re mi tu: C uzi wa tatu freti 5, D uzi wa tatu freti 7, E uzi wa pili freti 5. Hizo tatu zipige kabla kodi haijabadilika, kwenye hesabu ya tatu na ya nne, alafu hesabu ya moja ikigonga na kodi mpya ikaingia, tua. Kodi ya C ikiingia tua G, uzi wa pili freti 8. Kodi ya F ikiingia piga do re mi ile ile alafu tua A, uzi wa kwanza freti 5. Kodi ya G, do re mi alafu B, uzi wa kwanza freti 7. Ukirudi C, do re mi alafu C ya juu, uzi wa kwanza freti 8. Na baada ya kila kutua nyamaza mpaka hesabu ya tatu tena, acha noti ilie.

Umesikia kilichotokea? Noti ulizotua ni so, la, ti, do, zinapanda ngazi moja moja, na kila moja ni mwanachama halali wa kodi iliyokuwepo: G imo ndani ya C, A imo ndani ya F, B imo ndani ya G. Neno ni lile lile mara nne, mwisho tu ndo unabadilika, na hata mtoto aliyekaa benchi la mbele akisikia mara mbili atajua ya tatu inaelekea wapi. Hiyo tayari ni solo. Fupi, rahisi, lakini ni solo, inaanza na inafika. Na noti iliyoongezeka kwenye boksi lako ni moja tu, ile B. Bendi yako ikipiga C, F, G, F badala yake, tua so, la, ti, la, inakubali pia.

Ukishaizoea hiyo tafuta sehemu ambazo kodi mbili zinapokezana noti kwa freti moja, maana hapo ndo sikio la msikilizaji linashtuka vizuri. Kutoka C kwenda F, E inapanda kuwa F, uzi wa pili freti 5 kwenda freti 6, kidole kinateleza tu. Kutoka F kwenda G, C inashuka kuwa B, uzi wa kwanza freti 8 kwenda 7. Kutoka G kurudi C, B inapanda kuwa C, 7 kwenda 8. Ona hiyo fa tuliyoiita mgomvi, kodi ya F ikifika ndo inakuwa noti tamu kuliko zote kwa sababu imekuja kwake. Kwa hiyo hakuna noti mbaya kwenye C meja, kuna noti iliyokaa muda mrefu mahali ambapo kodi yake haipo. Ukiipitia haraka haina shida yoyote, fa kwenye kodi ya C ikiwa njiani kwenda mi ni nzuri tu, shida ni kuipigia kambi.

Na sasa kwa ajili ya bendi ya dansi nikupe kitu kingine ambacho kiko ndani ya C meja ile ile. Solo za rumba na sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, kwa sehemu kubwa hazipigwi noti moja moja, zinapigwa mbili mbili, noti na mwenzake wa tatu kutoka hapo. Kwenye nyuzi mbili za chini kabisa, ule wa pili na wa kwanza, weka freti 5 na freti 3, unapata E na G, hiyo ni kodi ya C. Peleka freti 6 na 5, unapata F na A, hiyo ni kodi ya F. Peleka freti 8 na 7, unapata G na B, hiyo ni kodi ya G. Umezunguka kodi tatu za wimbo mzima kwa vidole viwili na hujatoka kwenye skeli yako. Endelea juu, 10 na 8 ni A na C inafaa tena kodi ya F, 12 na 10 ni B na D kwa ajili ya G, 13 na 12 ni C na E umerudi nyumbani. Zipige kwa zamu, ya chini, ya juu, ya chini, ya juu, sio zote pamoja kila saa, na uone mwenyewe sauti inayotoka, utaitambua tangu redioni utotoni.

Ndo maana nakushauri usikilize wazee kwa sikio hili jipya. Franco Luambo, aliyeanzisha OK Jazz na wenzake Kinshasa mwaka 1956, anaweza kushikilia kisentensi kimoja kifupi cha noti mbili mbili dakika nzima na zaidi, anabadilisha kidogo tu mwisho au anahamisha pigo moja, na watu hawakai chini. Docteur Nico, mpiga gitaa mwingine wa Kongo, upande wa pili yeye anatiririka, anachora melodi ndefu, lakini msikilize bendi inapobadilisha kodi, anatua kwenye kodi, hachelewi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadae Super Volcano, huyu alikuwa anaimba na kupiga solo, na ukisikiliza gitaa lake unasikia kabisa ni mtu anayeimba, linavuta pumzi. Hata Diblo Dibala, naye mpiga gitaa wa Kongo, ambaye kasi yake ilimfanya aitwe Machine Gun, punguza kasi ya rekodi nusu kwenye simu yako utashangaa, ndani ya ile mvua ya noti kuna kodi zile zile tatu zimevunjwa vunjwa kwa mpangilio, na mpangilio unajirudia. Na ukienda benga, muziki wa gitaa wa Waluo, kina D.O. Misiani na Shirati Jazz, gitaa linazungumza na mwimbaji, yeye akimaliza mstari gitaa linajibu, na lile wazo la kuvunja noti kwa mapigo ya haraka limetoka kwenye nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane tu. Nyuzi nane, noti zake chache, na watu wanakesha. Kwa hiyo uchache wa noti haujawahi kuwa tatizo la muziki wetu.

Nimetaja pumzi, hapo nikae kidogo kwa sababu nadhani ndo sehemu kubwa ya lile neno "mazoezi" wanalokwambia wenzako. Mazoezi ya skeli hayana pumzi. Noti zote zina urefu mmoja, zinafuatana bila kusimama, na zinaanza kwenye hesabu ya moja kila mara. Mtu anayeongea haongei hivyo. Wewe ni mtu wa kwaya, una silaha ambayo wapiga gitaa wengi hawana: weka gitaa chini, acha kodi zizunguke kwenye simu, na uimbe solo. Imba la la la, usijali sauti. Utagundua kwamba mdomo wako unanyamaza wenyewe, unarudia wenyewe, unaanza katikati ya hesabu badala ya mwanzo, kwa sababu mapafu yanaisha hewa na kwa sababu umesikia nyimbo maisha yako yote. Kisentensi cha kwanza kilichokujia kirekodi, alafu kitafute kwa solfa, ni so la so mi au ni nini, alafu ndo uende kwenye nyuzi. Kitakuwa chepesi kuliko ulichozoea kupiga, na hapo utataka kukidharau. Usikidharau, kirudie mara mbili, mara ya tatu badilisha mwisho wake kifuate kodi iliyopo. Na kwenye sebene usione aibu kurudia hata mara nane, wanaocheza wanataka kurudia, wewe ndo unayechoka haraka kuliko wao.

Kuhusu modi saba sasa, nikujibu kwa haki. Modi ya Doria ukiianzia D ni noti zile zile za C meja umeanzia D. Ya Lidia ukiianzia F, zile zile umeanzia F. Ukizipiga juu ya wimbo wa C, F na G hakuna atakayesikia Doria wala Lidia, watasikia C meja, kwa sababu bendi ndo inayoamua nyumbani ni wapi, sio kidole ulichoanzia. Zina faida pale wimbo wenyewe umejengwa hivyo. Kwa mfano ukikuta wimbo wa kii ya C lakini una kodi ya B flati ndani yake, C, B flati, F, hapo B yako ya kawaida itagombana na hiyo kodi na inabidi uishushe freti moja. Wenye vitabu wanaita hiyo Miksolidia, sawa, lakini ona ulichofanya ni kubadilisha noti moja kwa sababu kodi imekuomba. Kwa hiyo jifunze modi ukitaka, elimu haiozi, ila usianze na jina la skeli, anza na kodi zilizopo, noti gani ziko ndani ya kila moja, alafu rekebisha skeli yako unayoijua.

Na kwa njia hiyo hiyo tunatatua wimbo wako wa Am, Dm na E, na hapa sikio lako lilikuwa sahihi, hukuwa unajidanganya. Kodi ya E meja ina E, G shapu na B. Boksi lako lina A, C, D, E, G. G yako iko freti moja chini ya G shapu, A yako iko freti moja juu yake, na C yako iko freti moja juu ya B. Yaani noti tatu kati ya tano ulizonazo zinasuguana na kodi hiyo, si ajabu kila kitu kinaharibika! Dawa ni ndogo. Kodi ya E ikiingia, G yote igeuze kuwa G shapu: uzi wa nne freti 5 iwe 6, uzi wa pili freti 8 iwe 9. Na ujue mahali pa B, uzi wa tatu freti 4 au uzi wa kwanza freti 7. Tua kwenye G shapu, ikae ilie, na bendi ikirudi Am isogeze freti moja juu, uzi wa pili 9 kwenda 10, ni A, umefika nyumbani na kanisa zima limesikia mlango ukifunguka. Kodi ikishapita rudisha G yako ya kawaida. Ukimaliza hilo ongeza F kwenye kodi ya Dm, uzi wa pili freti 6, na wimbo huo hautakusumbua tena.

Kuna moja la haraka: kwaya zinapenda kupandisha kii katikati ya wimbo. Yote niliyoyasema yanahama kama yalivyo, kutoka C kwenda D ongeza freti mbili kila kitu. Ndo faida ya kujua umbo pamoja na solfa yake badala ya kukariri herufi peke yake.

Kuandika au kutoka moyoni? Kiongozi wako ana hoja lakini nadhani anaona upande mmoja. Kwenye muziki wetu wa dansi solo nyingi za kufungulia wimbo zilitungwa, zikapigwa vile vile kila usiku, na watu wakizisikia noti nne za mwanzo wanainuka kwenye viti kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Hiyo haikutokea kwa bahati. Solo iliyoandikwa inakulinda, hasa studio ambako muda ni pesa, ila ukiishikilia sana inakauka, na siku mpiga ngoma akichangamka kuliko kawaida wewe huwezi kumfuata. Solo ya papo hapo iko hai, inajibu ukumbi, ila ukiwa huna pa kushika unarudi kwenye kupanda na kushuka skeli, na hapo ndo ulipo sasa. Kwa hiyo kwa mtu aliye hatua yako mimi ningetunga sentensi ya kuanzia na sentensi ya kumalizia, na nijue sehemu moja katikati ambapo nitapanda juu kabisa, tuseme ile freti 13 na 12. Katikati ya hapo acha wazi. Ukishajua unaanzaje na unatokaje, hofu inapungua, na hofu ikipungua ndo hicho anachokiita moyo kinapata nafasi. Na usiandike kwa kukaa na karatasi, jirekodi ukiimba na kupiga robo saa bila kujihukumu, sikiliza kesho yake sio siku hiyo hiyo, chukua visentensi viwili vitatu vilivyokugusa, vingine futa.

Kasi iache kwanza. Yote haya yapige polepole mpaka kutua kwenye hesabu ya moja kuwe hakukuhitaji mawazo, alafu jaribu kutua nusu hesabu kabla ya moja, ule mtindo wa kuwahi kidogo ambao sebene inaupenda sana. Hapo kama unakosa, tatizo liko kwenye mapigo na si kwenye noti, na mapigo ni vigumu kujirekebisha peke yako. Mtafute mpiga besi au mpiga ngoma mzuri, mwombe mkae nusu saa mzunguke kodi tatu tu, atakwambia ukweli. Na kama unaweza kupata mwalimu wa kukuona kwa macho japo mara chache, fanya hivyo, maana mimi hapa sioni mkono wako. Ukipata nafasi ya masomo rasmi kuna TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, na Dhow Countries Music Academy kule Zanzibar.

Sasa vidole. Ncha za vidole kuuma na kuota sugu ni kawaida kwa kila mpiga gitaa. Kufa ganzi kwa mkono sio kawaida na usikuzoee. Mara nyingi sababu ni kifundo cha mkono kilichokunjwa sana, kwa sababu mishipa ya fahamu ya vidole inapita pale na ukikikunja muda mrefu inabanwa. Angalia mkanda wako, gitaa likining'inia chini karibu na magoti mkono lazima ujikunje, lipandishe mpaka usawa wa tumbo. Angalia unavyokandamiza, wengi tunabonyeza mara mbili ya inavyohitajika, bonyeza taratibu mpaka noti itoke safi na ukomee hapo. Na angalia nyuzi zimekaa juu kiasi gani, kama kwenye freti ya kumi na mbili ni vita kuzibonyeza, mpelekee fundi wa magitaa azishushe, sio gharama kubwa na mkono utakushukuru. Pumzika kila baada ya dakika ishirini hivi, na ganzi ikianza acha, usimalizie wimbo mazoezini kwa kujikaza.

Lakini kama ganzi inakuja hata usiposhika gitaa, inakuamsha usiku, au unaona nguvu ya kushika inapungua, vikombe vinakuponyoka, basi nenda hospitali mapema, usisubiri kwaya ya Pasaka ipite. Kabla hujaenda chunguza ni vidole vipi hasa, kama ni gumba, cha shahada na cha kati, au ni kidole kidogo na jirani yake, kwa sababu vinaendeshwa na mishipa tofauti na mmoja unabanwa zaidi kwenye kifundo na mwingine mara nyingi kwenye kiwiko. Mwambie daktari hivyo, na mwonyeshe kwa vitendo jinsi unavyoshika gitaa ukiwa umesimama.